Uzio wa chanzo cha maji na njia ya mwalo: uchambuzi wa kisa cha utwaaji wa ardhi kando ya mto

Kisa hiki cha mradi wa maji ya mji uliozungushia uzio mwalo wa wavuvi (mahali pa kuegesha mitumbwi na kushusha samaki) ni cha Tanzania Bara, kwenye mto mmoja kati ya ile inayomwaga maji yake Bahari ya Hindi. Majina ya mto, kijiji, mradi na watu yameondolewa, na vipimo na idadi vimezungushwa ili visimtambulishe mtu. Sheria zinazotajwa ni kama zilivyo. Kisa kinawahusu zaidi watendaji wa vijiji, maofisa ardhi na uvuvi wa wilaya, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) na wahandisi wa miradi, kwa kuwa kila mmoja wao alishika kipande chake cha jambo na hakuna aliyelishika lote.

## Mahali na watumiaji wake

Bonde lote la mto huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika ukilowa, pikipiki haipiti. Kiangazi unapasuka nyufa za kumvunja mtu mguu. Katika urefu wa kilomita kadhaa, ukingo mgumu wa changarawe uko mahali pamoja tu, ambapo mwinuko mdogo unashuka hadi kugusa maji. Wavuvi waliweka mwalo wao hapo tangu zamani. Mhandisi aliyetafuta pa kuweka pampu za maji ya mji alipachagua hapohapo. Sababu zao zilikuwa zilezile: ardhi isiyotitia, kina kisichokauka mwezi wa Oktoba, na barabara inayofika mwaka mzima. Ndiyo maana mgogoro huu haukuwa wa bahati mbaya. Mahali panapofaa kwa chanzo cha maji, daraja au kivuko, mara nyingi ndipo panapofaa pia kwa mwalo, na anayepanga mradi kando ya mto anapaswa kulitarajia hilo kabla hajapima.

Mwalo ulitumiwa na makundi matatu. La kwanza ni wavuvi wa kijiji, mitumbwi kama 40, wenye migono, nyavu za kutega na mishipi, wakivua kambale, kitoga, perege na ndungu. La pili ni wavuvi wa dago, wanaotoka wilaya jirani maji yanapoanza kushuka, wakapiga kambi kwa miezi kadhaa na kuondoka kabla ya mafuriko. La tatu ni wanawake wachuuzi na wabanikaji, waliokuwa na chanja za kubanikia samaki nyuma ya mwalo, juu kidogo ya mstari wa mafuriko. Wanunuzi wa mjini walifika alfajiri kwa pikipiki na makasha ya barafu.

Kijiji kilikuwa na Cheti cha Ardhi ya Kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Katika ramani ya mpango huo, ukanda wote wa mto ulikuwa umepakwa rangi ya hifadhi, upana wa mita 60 kutoka ukingoni. Mwalo haukuchorwa. Njia inayotoka barabarani kwenda mwaloni haikuchorwa. Wala mwalo haukuwa umeandikishwa kwenye rejista ya ardhi ya jumuiya ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura 114, inakitaka kijiji kuwa nayo. Watu wote walijua ni ardhi ya wote, basi hakuna aliyeona haja ya kuiandika.

## Ardhi ilivyotwaliwa

Mradi ulihitaji hekta zipatazo 40: nyumba ya pampu, mabwawa ya kutuamisha tope, mtambo wa kusafisha maji, nyumba za watumishi na eneo la upanuzi. Kwa kuwa ni ardhi ya kijiji, ilipaswa kwanza kuhaulishwa, yaani kuhamishwa kisheria, kuwa ardhi ya jumla. Sheria inasema eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, lililozidi hapo linapelekwa kwa Waziri. Na ardhi haihaulishwi mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa.

Mkutano ulifanyika. Wananchi waliuliza kuhusu mwalo, na muhtasari ukaandika sentensi moja: "Wavuvi wataendelea kutumia njia yao kama kawaida." Hakuna upana wa njia, hakuna inapoanzia na inapoishia, hakuna aliyetajwa kuwa na wajibu wa kuilinda. Aliyetoa ahadi hiyo mkutanoni alikuwa mwakilishi wa mhandisi mshauri, mtu ambaye mkataba wake ulikuwa wa usanifu tu. Ujenzi ulipoanza alikuwa ameshaondoka.

Uthamini ulifanyika mwezi wa Aprili. Wathamini walihesabu miembe, mikorosho, mashamba ya mpunga na nyumba chache. Kwa kila mwenye ardhi walitumia vipengele vya Kanuni za fidia za mwaka 2001: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, na fidia ya kupoteza faida ambayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Hesabu zao zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa nani ameingia kwenye jedwali. Aprili mto umefurika. Dago limevunjwa, chanja zimebomolewa na mbao zake kupelekwa nyumbani, mitumbwi imefungwa kwenye miti ndani ya kijiji. Mwalo ukaandikwa "eneo wazi". Tarehe ya ukomo ikatangazwa siku hiyohiyo, na kwa kawaida mtu asiyekutwa kabla ya tarehe hiyo hahesabiwi.

Wenye mashamba walilipwa kwa wakati, na hili lisipuuzwe. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu alipoidhinisha, vinginevyo riba inaanza kuhesabiwa. Na uthamini uliopitisha miaka 2 bila kulipwa unapoteza nguvu. Hapa fedha zilikuwa zimetengwa kabla. Hakuna mwenye shamba aliyelalamika baadaye, na utulivu huo ndio uliowafanya maofisa waamini kwamba suala la ardhi limekwisha.

## Uzio unasimama

Mkandarasi aliingia mwanzo wa kiangazi, wakati dago nalo linaanza kujengwa. Mkataba wake ulimtaka azungushie uzio eneo lote lililopimwa, kufuata bikoni, yaani alama za mpaka. Akafanya hivyo. Nguzo za zege zilishuka hadi majini pande zote mbili, na mita zipatazo 900 za ukingo, mwalo ukiwa katikati, zikawa ndani. Mlinzi getini alikuwa na orodha ya wafanyakazi wa mradi. Wavuvi hawakuwemo.

Njia mbadala ilikuwa kuzunguka: kilomita 3 na zaidi, kukatiza kijito, hadi ukingo wa matope upande wa chini wa mto. Kwa mvuvi wa kambale usumbufu ulikuwa mkubwa, lakini biashara haikufa. Kambale huvuta hewa nje ya maji, kwa hiyo tenga likifunikwa majani mabichi samaki anafika sokoni akiwa bado anatikisika. Perege haivumilii hivyo. Akicheleweshwa saa mbili kwenye jua bila barafu, mashavu yanageuka rangi na bei inashuka palepale. Wanunuzi wa pikipiki waliacha kufika ukingo mpya kwa sababu ya matope, na wachuuzi wakalazimika kubeba kichwani mpaka barabarani. Kwa hiyo kipato cha wavuvi wa nyavu za perege na wanawake waliowategemea kilianguka kwanza, huku wa kambale wakiendelea kwa shida. Tofauti hii ilileta maneno ndani ya kijiji: viongozi wawili wa BMU walikuwa wavuvi wa kambale, na kwa wiki kadhaa hawakuona haraka ya kulisukuma jambo.

Baadhi ya wavuvi walianza kupita chini ya uzio usiku. Nyavu zilikamatwa, vijana wawili wakashikiliwa kituoni hadi asubuhi. Mara mbili nyavu zilizotegwa juu ya chanzo zilichukuliwa na mkondo zikaziba chekeche ya pampu ya muda. Pampu ikakosa maji, ikaanza kutetemeka, ikazimwa. Mpaka hapo mradi uliwaona wavuvi kuwa wahujumu, na wavuvi waliuona mradi kuwa umewaibia mto.

Kamati ya malalamiko ilikuwepo kwenye hati za mradi. Ilipopokea barua ya BMU ilijibu kwamba walalamikaji hawamo kwenye jedwali la fidia, hivyo lalamiko lao haliwezi kusajiliwa. Jibu hilo moja liliongeza mgogoro kwa miezi minne.

## Njia zilizowekwa mezani

Afisa uvuvi wa wilaya ndiye aliyevunja ukimya, kwa kuwaita mamlaka ya maji, halmashauri ya kijiji, BMU na ofisi ya bodi ya maji ya bonde kwenye kikao kimoja, kilichofanyika kwenye uzio wenyewe, wala si ofisini. Mambo manne yalijadiliwa.

Kwenda mahakamani. Msingi wa kisheria haukukosekana. Tangu mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilikwishakubali kwamba haki za kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari. Uamuzi wa nchi nyingine haulazimishi mahakama zetu, lakini unaweza kusomwa mbele yao. Shida ni muda. Shauri la Lamu lilifunguliwa mwaka 2012, hukumu ikaja baada ya miaka sita, kisha ikakatiwa rufaa. Mvuvi aliyefungiwa mwalo Julai anahitaji kuvua Agosti. Shauri likabaki akiba, na barua ya wakili ilitumwa mara moja tu, kuonyesha kwamba mlango huo uko wazi.

Kulipwa fedha na kuondoka. Wavuvi vijana walilipenda wazo hili, wanawake wabanikaji wakalikataa kabisa. Hoja yao ilikuwa na nguvu: fedha zingegawiwa kwa wenye mitumbwi, na mwalo ukifa hakuna mahali pengine pa kununua samaki wabichi kwa mkono.

Kujenga mwalo mpya nje kabisa ya eneo la mradi. Ukaguzi wa ukingo upande wa juu ulipata sehemu moja ngumu, lakini bodi ya bonde na mamlaka ya maji walikataa kwa sababu nzuri. Mwalo ukiwa juu ya chanzo, maji ya kuoshea samaki, matumbo yao na mafuta ya injini yote yanateremka kuingia kwenye pampu ya maji ya kunywa. Mwalo karibu na chanzo lazima uwe upande wa chini, na upande huo, nje ya eneo la mradi, ulikuwa matope.

Kurudisha uzio nyuma na kuacha ukanda. Hili ndilo lililochukuliwa, na halikuchukuliwa kwa huruma peke yake. Mhandisi mkazi alikuwa na sababu yake. Mvua za vuli zilikuwa zimeangusha mita zipatazo 60 za uzio upande wa chini: wavu wa waya ulinasa matawi na magugumaji, ukageuka ukuta, maji yakausukuma hadi nguzo zikang'oka na zege lake. Kuusimamisha tena palepale kungekuwa kutupa fedha. Afisa wa bodi ya bonde naye aliuliza swali ambalo halikuwa na jibu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Pampu zina kibali kwa kuwa haziwezi kukaa pengine, je, kibali cha nguzo za zege za uzio kiko wapi? Hakikuwepo. Michoro iliyoidhinishwa na masharti ya cheti cha mazingira havikuonyesha uzio unaoshuka majini.

Jambo lingine lililosukuma uamuzi huo lilikuwa mkopeshaji. Sehemu ya fedha za mradi ilikuwa mkopo, na masharti yake, kama ilivyo Kiwango cha 5 cha Mazingira na Jamii cha Benki ya Dunia, yalihesabu kuzuiwa kufikia maliasili kuwa athari inayodai kurejeshewa kipato, hata kwa asiye na hati. Kamati iliyosema "hamumo kwenye jedwali" ilikuwa imekosea kwa kanuni za mradi wenyewe.

## Kilichokubaliwa na kilivyojengwa

Uzio ulirudishwa juu ya mstari wa mafuriko, isipokuwa mita 120 zinazozunguka nyumba ya pampu, ambazo zilibaki zimefungwa hadi majini. Upande wa chini uliachwa ukanda wa njia wenye upana wa mita 6 kutoka barabarani hadi mtoni, na eneo la mwalo lenye mita 80 za ukingo. Upana wa mita 6 haukuokotwa. Wavuvi walipendekeza mita 2, kwa kufikiria mtu na tenga. Wanawake wakauliza je, pikipiki mbili zenye makasha zikikutana? Na je, mtumbwi mpya ukiletwa kwa mkokoteni kutoka unakochongwa?

Majini, maboya yaliwekwa kuonyesha eneo lisilotegwa nyavu: mita 100 juu ya chanzo na mita 30 chini yake. Juu ni parefu zaidi kwa sababu wavu uliokatika hufuata mkondo, na mtegaji anahitaji nafasi ya kuufukuzia kwa mtumbwi kabla haujafika kwenye chekeche. BMU iliuingiza mpaka huo kwenye sheria zake ndogo, na mamlaka ikakubali kwamba wavu ukinaswa unarudishwa kwa mwenyewe mara ya kwanza badala ya kuchomwa.

Kitu kilichokaribia kuharibu yote kilikuwa bomba. Mtambo wa kusafisha maji huoshwa, na tope lake lenye shabu lilikuwa limepangiwa kumwagwa mita 50 juu ya mwalo mpya. Hakuna aliyeliona kwenye mchoro mpaka fundi bomba mmoja alipouliza mtaro unaelekea wapi. Bomba likarefushwa hadi upande wa chini wa mto, kuupita mwalo.

Ujenzi wa mwalo wenyewe ulifanywa mara mbili. Mara ya kwanza mkandarasi alijenga ngazi za zege, nadhifu, zenye mkono wa chuma. Mtumbwi wa gogo unaovutwa na watu wanne hauwezi kupanda ngazi. Kitako kinagonga kila ukingo na kupasuka. Wavuvi waliendelea kuvuta mitumbwi pembeni ya ngazi, ukingo ukamomonyoka, mvua moja ikazichimba ngazi kwa chini. Mara ya pili ulijengwa mteremko wa mawe yaliyofungwa kwenye magabioni (vikapu vya waya), ukishuka mita 1 kwa kila mita 8, juu yake pamesambazwa changarawe. Hata huo ulikosewa kidogo: mguu wake uliishia kwenye kimo cha maji cha Juni, kwa kuwa ndipo vipimo vilipochukuliwa. Oktoba maji yalishuka, ikabaki mita kadhaa za tope kati ya mwisho wa mawe na mto. Magabioni ya nyongeza yaliwekwa mwaka uliofuata, katika kipindi kifupi ambacho maji yako chini kabisa.

Kisheria, kulikuwa na njia mbili. Ukanda ungeweza kubaki ndani ya kiwanja cha mradi, kisha wavuvi wakapewa haki ya kupita. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inazitambua njia za jumuiya za namna hiyo. Au ungeweza kutolewa nje ya kiwanja na kurudi kuwa ardhi ya kijiji. Afisa ardhi alishauri la pili, na alikuwa sahihi. Hati ya kiwanja ilikuwa haijatolewa, hivyo mpima alihamisha bikoni chache na kurekebisha ramani ya upimaji. Baada ya hati kutoka, badiliko hilohilo lingehitaji kuirekebisha hati. Mkutano Mkuu ukaidhinisha ukanda na mwalo kuwa ardhi ya jumuiya, ukaandikwa kwenye rejista ukiwa na vipimo, na ramani ya mpango wa matumizi bora ikarekebishwa ionyeshe mwalo ndani ya ile rangi ya hifadhi.

Fidia ya kipato ndiyo iliyochukua muda mrefu. Kanuni zinataka faida ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa "pale inapohitajika na inapofaa", na maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua mlango, maana mvuvi wa mtumbwi hana mkaguzi wa hesabu. Yalitumika mambo matatu: daftari la BMU la samaki wanaoshushwa, stakabadhi za ushuru wa halmashauri, na leseni za uvuvi na vyombo. Mamlaka ya maji ililipa posho ya mpito kwa miezi ambayo mwalo ulifungwa, si ile ya miezi 36, kwa hoja kwamba mwalo umerudi. Wavuvi waliikubali hoja hiyo baada ya kupewa nakala ya hesabu na siku kumi za kuikagua.

## Hali ilivyokuwa baada ya mwaka

Mwalo ulikuwa unatumika, pikipiki za wanunuzi zilikuwa zimerudi, na pampu haikuzimwa tena kwa sababu ya nyavu. Chanja zilijengwa upya, safari hii kwa nguzo za kudumu zaidi nyuma ya mita 60.

Waliobaki nje ni wengi kuliko taarifa ya mradi inavyokiri. Daftari la BMU liliandika jina la mwenye mtumbwi na kilo, basi. Mpiga kafi aliyegawana naye mavuno hakuandikwa, akakosa posho. Wanawake waliokuwa wametunza stakabadhi za ushuru walilipwa, waliozitupa hawakulipwa, na waliokuwa wakinunua kwa mafungu madogo yasiyofikia kutozwa ushuru hawakuwahi kuwa na stakabadhi. Wavuvi wa dago hawakulipwa kabisa. Baya zaidi, mwalo ulipoandikishwa kuwa wa kijiji, halmashauri ya kijiji ilianza kuwatoza ada ya kambi ambayo haikuwepo kabla, kwa hoja kwamba sasa eneo lina mwenyewe.

## Uchambuzi

Kosa la msingi lilitangulia mradi kwa miaka. Mpango wa matumizi bora uliufuta mwalo kwa kuupaka ukanda wa mto rangi moja. Wapangaji wengi huisoma mita 60 kana kwamba ni marufuku ya watu, ilhali sheria inakataza shughuli za kudumu na zinazoharibu. Kutembea, kuegesha mtumbwi na kuvua kwa leseni haviingii humo. Ramani ikishasema hakuna mtu, mthamini anayekuja Aprili hana sababu ya kumtafuta.

Uthamini wa kando ya mto unahitaji ziara mbili, moja maji yakiwa juu na nyingine yakiwa chini, na tarehe ya ukomo iwekwe baada ya ya pili. Gharama ya nyongeza ni mafuta ya gari na posho za siku chache. Hapa kukosekana kwake kuligharimu uzio uliojengwa mara mbili.

Ahadi ya mkutanoni ilishindwa kwa sababu haikusafiri. Kati ya muhtasari wa kijiji na mkataba wa mkandarasi kuna hati nyingine tatu: ripoti ya mazingira, michoro ya mwisho na jedwali la kazi na bei. Sentensi isiyofika kwenye jedwali la kazi haijengwi. Ukanda wa njia ungeandikwa humo kama kazi yenye upana, urefu na bei, mkandarasi angeudai mwenyewe, kwa kuwa analipwa kwa kuujenga.

Kikao cha kwenye uzio kilifaulu pale ambapo barua za miezi minne zilishindwa, na sababu yake ni kwamba kila upande ulikuta una tatizo ambalo mwenzake analo jibu lake. Mhandisi alikuwa na uzio usiosimama, wavuvi walikuwa na njia iliyozibwa, na mstari wa mafuriko ulitatua yote mawili. Si kila mradi utakuwa na mafuriko ya kusaidia. Lakini kuna haja ya kutafuta kwanza kinachomuuma mwenye mradi kabla ya kumweleza kinachokuuma wewe.

Usanifu wa mwalo ulishindwa kwa sababu nyepesi: hakuna mtumbwi uliovutwa kwenye mchoro. Jaribio la asubuhi moja, mtumbwi mmoja na watu wanne kwenye mteremko wa udongo uliochongwa kwa jembe, lingetosha kuonyesha kwamba ngazi hazifai. Na kimo cha maji kinachotakiwa ni cha chini kabisa cha mwaka, kinachopatikana ofisi ya bodi ya maji ya bonde kama kuna kituo cha kupimia jirani, au kwa kuwauliza wavuvi wazee wakaonyesha jiwe linalotokeza mwezi wa Oktoba.

Suala la dago linabaki wazi, na ni gumu kwa sababu sheria ya ardhi ya vijiji imejengwa juu ya mkazi. Mvuvi anayekuja kwa msimu ana haki ya kuvua kwa leseni yake, lakini hana kura kwenye Mkutano Mkuu unaoamua juu ya mwalo. Kinachowezekana sasa ni BMU kuandika kwenye sheria zake ndogo, zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, nani anakaribishwa kila msimu, kwa ada gani na nani anaipanga, kisha majina ya viongozi wa dago yakaingizwa kwenye daftari la mwalo kila mwaka wanapofika.

Kwa kijiji chenye mwalo ambao haujaguswa na mradi wowote, kazi inaanza na daftari. Safu zinazofaa ni tarehe, mwenye chombo, wapiga kafi kwa majina, aina ya samaki na kilo, na mnunuzi wa kwanza, hata kama ni fungu dogo. Kisha njia na mwalo vipimwe kwa GPS ya simu, kila kona ichukuliwe namba zake, upana uandikwe, na shauri lipelekwe Mkutano Mkuu liingizwe kwenye rejista ya ardhi ya jumuiya. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine iende kwa afisa ardhi wa wilaya, ya tatu ofisi ya bonde. Kijiji cha jirani na hiki kimeshafanya hivyo, na mwalo wake ulipimwa Oktoba.